Picha Moja ya Chini ya Maji

Philister alimgundua mumewe kwa pua. Wanawake wengine wa mtaa wa Waithaka, waume zao wakianza kuchelewa Jumamosi, hunusa shati wakitafuta marashi ya mtu mwingine. Philister alinusa fulana ya Nashon akakuta harufu ya dawa, ile dawa kali inayotiwa kwenye mabwawa ya kuogelea. Akainusa mara ya pili ili asimsingizie mtu. Kisha akaikunja, akaiweka juu ya meza, akaketi kumngoja mwenyewe.

Mwaka huo wa 1974 Nashon Ogutu alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwa mwongo stadi. Alikuwa ametoka Sakwa, kando ya ziwa, akafika Nairobi mwaka wa 1966 na sanduku la mbao na barua ya mjomba wake, akaajiriwa kufagia studio ya picha ya Jamleck Gichuru pale River Road, juu ya duka la misumari na makufuli. Kutoka kwenye ufagio alipanda hadi chumba cha giza cha kuoshea picha, na kutoka chumba cha giza akapanda hadi nyuma ya kamera yenyewe. Alikuwa amewapiga picha maharusi, watu wa pasipoti, mapacha waliovalishwa sare, na wazee waliopanda ngazi zile wakiwa wamebeba viti vyao wenyewe kwa sababu hawakuviamini vya studio. Uongo aliomwambia mkewe, kwamba Jumamosi kuna kazi nyingi ya pasipoti, hata yeye hakuuamini. Basi alipoiona fulana imekunjwa mezani hakungoja kuulizwa. Alivua kofia akakiri yote.

Alikiri kwamba miezi mitatu nyuma mtu mmoja aitwaye Mwololo, Mkamba mfupi mwenye kifua kipana, aliyekuwa mpiga mbizi wa wanamaji kabla ya kuacha kazi, alileta filamu studio ikaoshwe. Nashon aliitendea kama filamu nyingine yoyote. Lakini alipotia karatasi kwenye dawa, chini ya ile taa nyekundu, wakaanza kujitokeza samaki wenye milia, na mawe yaliyoota matawi, na mtu ameelea katikati ya maji kwa raha kama aliyelala kitandani mwake. Nashon aliduwaa. Alisahau kuitoa karatasi mpaka ikawa nyeusi tii, na Gichuru akamkaripia kwa kupoteza mali. Mwololo alipokuja kuchukua picha zake, Nashon akamuuliza swali moja, na swali hilo likamfikisha kwenye bwawa la shule moja upande wa Ngong Road, ambako Mwololo alikuwa mwalimu wa kuogelea. Kila Jumamosi asubuhi, kabla wanafunzi hawajalitaka bwawa lao, aliwafundisha watu saba kupiga mbizi na mitungi ya hewa mgongoni. Nashon alikuwa wa nane.

Philister alisikiliza mpaka mwisho. Wakiwa peke yao walizungumza Kijaluo. Mwishowe akasema ingekuwa afadhali huyo wa Jumamosi angekuwa mwanamke. Mwanamke angemwendea wakaelewana au wakararuana. Maji angeyaendea kwa nani?

Tusimcheke. Philister alikuwa mzaliwa wa Uyoma, rasi ile iliyozungukwa na ziwa pande tatu, na ndiyo sababu Nashon alimwita nyar Uyoma, binti wa Uyoma, kila alipotaka kumbembeleza. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Kila Januari alivuka ghuba na cherehani yake ndani ya mtumbwi kwenda ng'ambo kushona sare za watoto wa shule. Philister akiwa na miaka tisa, baba alivuka akiwa peke yake, na upepo ukamkuta njiani. Mtumbwi ulipatikana. Cherehani haikupatikana, na yeye hakupatikana. Watu walikesha ufuoni siku nne wakitazama maji, na siku ya tano wazee wakaamua kama ilivyo desturi ya kwao, kwamba mtu hawezi kukosa kaburi kwa sababu tu amekosa kuonekana. Wakaangua tunda la yago, lile refu lenye uzito wa mtoto mchanga, wakaliosha, wakalivika shuka, wakalililia usiku kucha, na asubuhi wakalizika mahali pa baba. Philister alilia pamoja na wengine. Lakini alikuwa amewaona wakiliangua tunda lile mtini, na mtoto ukimwonyesha kitu kwa macho yake huwezi kumwambia ni kingine.

Tangu siku hiyo hakuingia kwenye maji yaliyompita goti. Nashon alilijua hilo kabla hajamwoa, na ndiyo maana alificha. Lakini sasa palikuwa na jambo lililokuwa zito zaidi ya Jumamosi. Mwololo alipanga kuwapeleka wanafunzi wake baharini Pasaka, wakashuke kwenye maji yenyewe, na Nashon aliitaka safari hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu alipomtaka Philister. Akamwambia hivyo hivyo. Akamwambia chini ya maji si kama anavyofikiri, kuna mwanga, kuna utulivu, mtu hasikii hata gari moja.

"Usiniambie," Philister akasema. "Wewe ni mtu wa picha, si mtu wa maneno. Niletee picha moja. Nikiitazama moyo wangu ukatulia, utaenda baharini na wenzako. Usipotulia, utaacha, na hatutalizungumza tena maishani."

Nashon akakubali papo hapo. Alikubali upesi mno, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo jibu lake analo mfukoni. Alidhani mkewe anaogopa giza la huko chini, na kazi yake ilikuwa kumwonyesha uzuri. Kamera yenyewe hakuwa nayo, lakini hilo aliliona dogo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumatatu akaanza kwa Gichuru. Jamleck Gichuru alikuwa mtu wa Mutuini, mwenye ng'ombe watatu, mahindi, studio moja, na maoni juu ya kila kitu. Alisikiliza shida ya Nashon akiwa anapangusa lenzi kwa kipande cha flana, kisha akasema kamera ya kushukia majini ni ileile ya studio, ya lenzi mbili, mradi ivalishwe koti la mvua. Kununua nyingine ni kutupa pesa. Akampeleka kwa Kihara, fundi wa mabango jirani yao, aliyekuwa stadi wa kukata na kuunganisha plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo. Kihara akapima kamera, akajikuna kidevu, akasema kitu cha namna hiyo hajawahi kutengeneza lakini hata mabango kuna siku alikuwa hajawahi.

Kwa majuma mawili Kihara alikata, akachonga, akagundisha, na alipomaliza, River Road nzima ilikuja kutazama. Lilikuwa sanduku kubwa la kung'aa, lenye kamera ndani, mpira mweusi wa kuziba maji kwenye mfuniko, vitasa kumi na viwili, fimbo ya kubonyezea, na mishikio miwili mikubwa ubavuni. Gichuru alisimama kando yake kwa fahari ya baba wa bibi harusi. Alimwagiza Nashon jambo moja tu.

"Ukiona hewa inaisha," akasema, "wewe zama, lakini hiyo kamera yangu inua juu, watu wa huko waione."

Jumamosi sanduku lilitiwa bwawani. Halikuingiza maji hata tone, Kihara apewe sifa zake. Lakini halikukubali kuzama. Lilikuwa limejaa hewa, na kila Nashon alipolisukuma chini, likamrudisha juu kama ndama anayekataa kuoga. Wakalifunga vipande vya risasi. Sasa likazama bila kubembelezwa, likamvuta Nashon hadi kwenye sakafu ya vigae, futi kumi na mbili, ambako alitumia dakika zake zote kulishika kwa mikono miwili na kutafuta sura kwenye kile kioo kidogo cha juu ya kamera, ambamo kushoto ni kulia na kulia ni kushoto. Alikuwa na furaha isiyo na kifani. Hakujua kwamba Mwololo alikuwa mbele yake akimpungia, kisha ubavuni, kisha nyuma, mpaka alipohisi amekamatwa mkanda na kupandishwa juu na sanduku lake.

Mwololo hakuwa mtu wa hasira, na kwa hiyo hasira yake ilikuwa inasikika mbali. Alingoja Nashon ateme maji.

"Nimekuuliza kwa mkono mara tatu kama uko sawa," akasema. "Mara tatu, Ogutu. Hukuniona. Hiyo sanduku iko na wewe, si wewe uko na sanduku. Hii hapana ya mtu anajifunza. Peleka kwa mwenyewe."

Kulirudisha sanduku River Road kulikuwa kugumu kuliko kulizamisha. Gichuru alisema Mkamba yule ana wivu. Kihara aliliweka dirishani, na kwa miaka mingi yaliwekwa humo mandazi ya kuuza, na nzi hakupata pa kuingilia.

Ndipo Mwololo akampeleka Nashon katika duka moja la kamera kuukuu karibu na soko la mji, la mzee mmoja wa Kihindi aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso. Kulikuwa na kamera ndogo ya maji iliyoachwa na mhandisi mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Haikuhitaji sanduku, yenyewe ndiyo ilikuwa sanduku, nyeusi, nzito kiganjani, yenye mpira wa kuziba kila kiungo. Mzee akaiweka kwenye kaunta, na kando yake akapanga vikorombwezo: taa ya flashi yenye sahani ya kung'aa pana kama sinia, balbu zake katika boksi, lenzi ya ziada ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, na mkono wa chuma wa kuvishikilia vyote pamoja. Nashon macho yalimtoka. Hapo ndipo uzuri ulipo, alijiambia. Bila taa, samaki watakuwa majivu matupu. Alianza kuhesabu moyoni atauza nini.

Mwololo akaondoa taa. Akaondoa lenzi ya ziada, na mkono wa chuma, akavisukuma vyote kwa mzee. Akaiweka kamera tupu katika mkono wa kulia wa Nashon, akamwambia afumbe macho, auweke mkono wa kushoto mfukoni, kisha apige picha. Nashon akapapasa. Kulikuwa na ulimi mmoja wa chuma mbele; ukiuvuta mara moja unapiga picha, ukiuachia na kuuvuta tena filamu inasogea. Kidole kimoja kilitosha. Akapiga picha tatu za hewa bila kufungua macho.

"Hiyo," Mwololo akasema. "Ya kuanza ni ile unaweza kufanya kila kitu na mkono moja. Mambo ya taa utaleta mwaka ingine, ukikuwa mkubwa."

Nashon hakupenda. Alikuwa na picha moja tu ya kumwokoa, na mtu anamnyang'anya taa. Lakini alikumbuka sanduku, akameza maneno yake. Mzee wa Kihindi alikubali kuitoa kamera kwa gramafoni ya Nashon, pamoja na shilingi chache juu yake. Jioni hiyo Philister alikuta pembe moja ya chumba iko wazi, kivuli cha gramafoni kimebaki kwenye rangi ya ukuta. Hakuuliza. Alianza tu kuimba mwenyewe alipokuwa akipika, nyimbo zilezile za santuri, kwa sauti ya chini, na Nashon alipoisikia sauti ile alimpenda hadi akaona aibu.

Sasa nieleze kosa la Nashon, maana ni kosa ambalo mtu asiyejua kazi hawezi kulifanya. Katika studio ya Gichuru hakuna picha iliyowahi kutoka na ukungu, na siri yake ilikuwa uzi. Uzi huo ulifungwa kwenye kamera na ulikuwa na mafundo: fundo la futi tatu, la nne, la sita. Mteja alipoketi, Nashon aliuvuta uzi mpaka ncha ya pua yake, akasoma fundo, akageuza lenzi kwenye namba ileile. Machifu walivutiwa uzi puani, na maaskofu pia. Kwa miaka yote aliyoshika kamera Nashon hakuwahi kukadiria umbali kwa macho, kwa sababu Gichuru alimfundisha kwamba jicho ni mlevi na uzi ni shahidi.

Basi alishuka bwawani na uzi wake. Mwololo, aliyekuwa na subira kuliko alivyoonekana, alikubali kuvutiwa uzi hadi kwenye kioo cha miwani yake ya maji. Fundo la futi nne, lenzi kwenye futi nne, kidole kikavuta. Filamu nzima, picha thelathini na sita, zote kwa haki ya uzi. Nashon alitoka majini akiwa na uhakika wa hakimu.

Akaziosha Jumatatu. Thelathini na sita, na zote zilikuwa na ukungu. Mwololo alionekana kama mtu aliyepigwa picha kupitia chandarua. Nashon aliilaumu kamera, akailaumu filamu, akamlaumu yule mhandisi aliyerudi Ulaya. Akakagua lenzi kwa kioo cha kukuzia, ilikuwa safi. Mwezi wa Januari ulikuwa umeingia, na Philister hakuuliza neno, lakini Januari kwake haikuwa mwezi wa kawaida, na Nashon alimwona akiamka alfajiri na kuketi kando ya jiko lisilo na moto. Aliwaza kwamba labda amwambie yamekwisha, akaiuze kamera, angalau mwanamke apate usingizi.

Aliyemfumbua macho ni beseni. Alikuwa anasuuza picha za harusi katika chumba cha giza, mkono umezama hadi kiwiko, akautazama mkono wake mwenyewe ndani ya maji. Ulikuwa mkubwa. Ulikuwa karibu. Akautoa, ukarudi ukubwa wake. Akauingiza tena. Akachukua rula, akapima kwa rula, akapima kwa jicho, na akacheka peke yake gizani mpaka Gichuru akagonga mlango kuuliza kama amevuta dawa. Maji yalikuwa yanavuta vitu karibu na jicho. Kilicho futi nne kilionekana futi tatu. Na lenzi ni jicho tu, nayo ilikuwa inadanganywa sawasawa na yeye. Uzi ulikuwa unasema kweli mahali ambapo ukweli haukutakiwa. Dawa yake ilikuwa kuuacha uzi juu na kumwamini yule mlevi.

Jumamosi iliyofuata alishuka bila uzi. Nasema hivi kana kwamba ni jambo jepesi. Kwake ilikuwa kama kuvuka barabara amefumba macho. Jua lilikuwa kali, saa nne hivi, na miale iliingia majini imepinda na kutetemeka mpaka kwenye vigae. Mwololo alielea katikati ya mwanga huo, mapovu yakimpanda kichwani. Nashon akamtazama, akajiambia futi tatu, akageuza lenzi, akavuta kidole.

Ile picha ya kumi na tisa ndiyo ilikuwa yenyewe. Alipoiona ikijitokeza kwenye dawa aliinamia beseni kuitazama vizuri. Kila povu lilikuwa na duara lake, na miale ilisimama kama nguzo. Ilikuwa na doa moja tu: kwenye pembe ya kushoto, chini, mkono wa Nashon mwenyewe ulikuwa umeingia ndani ya picha. Mkono katika picha ni dhambi ya fundi, na mtu wa studio ya Gichuru hatoi picha yenye mkono. Aliikuza, akaikata pembe, akaibandika kwenye kadi nene yenye ukingo mweupe, kama wanavyobandikiwa maharusi wenye uwezo.

Alimpa Philister jioni, chakula kikiwa kimeliwa na binti yao Akeyo akiwa ameshalala. Philister alijifuta mikono vizuri kabla ya kuishika. Akaisogeza kwenye taa. Akaitazama kwa muda mrefu, bila haraka, mtu wa kutimiza ahadi.

"Ni nzuri," akasema.

Nashon akauliza kama moyo umetulia.

Philister akatikisa kichwa. Aliona huruma, na hakuificha, lakini hakumdanganya. Alisema ameona mwanga, na anashukuru. Alisema huyu mtu ni kweli ameelea kama aliyelala. Lakini moyo uko palepale, na asingeweza kuulazimisha.

Nashon akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameahidi, na nilishasema hakuwa stadi wa uongo. Akaanza kukusanya bahasha na karatasi za mezani ili apate la kufanya. Karatasi moja ilimponyoka. Ilikuwa ile ambayo mafundi huchapa filamu nzima juu yake kwanza, picha zote thelathini na sita pamoja, ndogo ndogo kama stempu, zikiwa hazijakatwa chochote. Philister akaiokota. Akaipitishia kidole mstari kwa mstari, akasimama.

"Hii si ileile?"

"Ndiyo ileile."

"Mbona hapa kuna mkono?"

"Ni wangu. Niliukata, ulikuwa unaharibu picha."

Philister akainamia taa mpaka nywele zake zikakaribia kuungua. "Na huu mwingine unaoukamata?"

"Wa Mwololo. Hiyo ni sheria yake. Mkono wa kamera ni mmoja, wa pili lazima awe nao mwenzako. Mwanafunzi hashuki peke yake, na aliyeshuka naye hamwachii mpaka wote wametoka."

"Hata mkikosana?"

"Hata tukikosana. Siku ile ya sanduku alikuwa amenikasirikia mpaka basi, na bado alinishika."

Philister aliketi. Karatasi ilikuwa mapajani mwake, na alikuwa ameweka kidole juu ya ile picha ndogo kana kwamba itaruka. Alipoanza kusema hakumtazama mumewe.

"Wewe ulidhani naogopa giza la huko chini. Mimi sijawahi kuliogopa giza. Baba alipoanguka kwenye maji yale alinyoosha mkono, Nashon. Lazima alinyoosha, kila mtu hunyoosha. Miaka ishirini nauona mkono ule, nikipika nauona, nikimwogesha mtoto nauona, na hakuna mtu wa kuushika. Walituzikia tunda. Tunda halina mkono."

Kisha akalia. Hakuwa amemlilia baba yake hivyo tangu utotoni. Nashon alihama kiti chake akaketi karibu naye, akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka mafuta ya taa yakaanza kupungua.

Mwishowe Philister akapenga kamasi na kusema picha ile kubwa arudi nayo studio, hiyo iliyokatwa hakuitaka. Alitaka nyingine, nzima, yenye mikono yote miwili. Na safari ya Pasaka aende. Nashon akamuuliza kama ana hakika.

"Nina hakika na huyo aliyekushika," akasema. "Nataka kumwona."

Jumamosi hiyo walitoka Waithaka wakiwa watatu, Akeyo mgongoni mwa mama yake, na ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini Philister kukaribia maji mengi kwa hiari yake. Alisimama mbali kidogo na ukingo, penye nyasi. Wanafunzi walikuwa wanavaa mikanda ya risasi. Mwololo alipomwona Nashon na mgeni alitoka bwawani akatembea kwenye vigae na miguu iliyolowa, akajipangusa kiganja kwenye kaptura ambayo nayo ilikuwa imelowa, akasalimia kwa heshima.

"Wewe ndiye Mwololo," Philister akasema kwa Kiswahili.

"Ni mimi, mama. Karibu."

Alimpa mkono. Philister akaupokea kwa mikono yake yote miwili, akaushika, na hakuuachia. Watu walingoja, mitungi mgongoni. Mwololo alimtazama Nashon kutaka kuelezwa, na Nashon akawa anatazama pembeni. Mwololo hakujua ameshukuriwa kwa lipi, lakini hakuuvuta mkono wake. Alisimama pale maji yakimdondoka, mpaka mwanamke yule alipouachia mwenyewe.